Kifaranga na siku yake ya kwanza: jinsi ya kufanya jaribio la kunasa sura, na kinachotendeka ubongoni

Katika mitaa ya Ngamiani na Makorora, mjini Tanga, kuku hupita na vifaranga wake kati ya baiskeli na miguu ya watu, na ni nadra kifaranga kupotelea kwa kuku wa jirani. Hakuanguliwa akiijua sura ya mama yake. Alijifunza, ndani ya siku moja au mbili za mwanzo, na alichojifunza kimewekwa kwenye protini za seli za ubongo wake. Ukimtoa gizani kabla hajamwona mama, ukamwonesha mpira mwekundu unaotembea kwa saa moja na nusu, ataufuata mpira ule kama ambavyo angemfuata kuku.

Mwongozo huu ni wa walimu wa biolojia, vikundi vya sayansi vya shule na wafugaji wa Tanga wanaotaka kuliona jambo hili kwa macho yao bila maabara. Hakuna sindano wala damu, na vifaranga wote hurudi bandani wakiwa wazima. Habari za molekuli tumezichanganya na hatua zenyewe, kwa sababu kila saa na kila nyuzi ya joto tunayoitaja ina sababu yake ndani ya seli.

Kwanza jina. Mwingereza Douglas Spalding aliandika mwaka 1873 juu ya vifaranga aliowavisha vikofia vya kuziba macho mara walipoanguliwa. Waliofunguliwa wakiwa na siku mbili au tatu walimfuata yeye mwenyewe. Waliofunguliwa wakikaribia siku nne walimkimbia kwa hofu kubwa. Konrad Lorenz wa Austria alilieleza jambo hili kwa kina mwaka 1935, akalipa jina la Kijerumani lenye maana ya kupiga chapa, na mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen. Hapa tutasema kunasa sura, kwa kuwa kwetu jambo lisilotoka kichwani husemwa kuwa limenasa.

Vifaa

Kinachohitaji kazi zaidi ni duara la kutembelea. Pindisha hadibodi hadi upate ukuta wa mviringo wenye upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 40. Chini tandika gunia la katani lililovutwa likakaza. Usitandike gazeti wala plastiki: kifaranga wa siku moja huteleza, miguu ikapanuka kwa nje, na akishapata ulemavu huo hatembei vizuri tena.

Juu ya duara laza ubao wa mbili kwa nne, kisha ufunge ekseli ya gurudumu la mbele la baiskeli ya inchi 28, lisilo na tairi, ili gurudumu lilale bapa na kuzunguka sentimita 45 juu ya sakafu. Chini ya spoki bandika duara la katoni ili kifaranga asikuone. Kwenye ukingo wa ringi ning'iniza kitu cha mafunzo kwa uzi wa katani, kiwe sentimita 2 juu ya sakafu. Ringi ya inchi 28 ina upana wa karibu sentimita 64, kwa hiyo kitu hicho kitasafiri kama mita 2 kwa kila mzunguko. Zungusha polepole, mzunguko mmoja kwa sekunde 20 hadi 30. Ukienda mbio kifaranga anaachwa na kukata tamaa; ukisimama kabisa, kitu kinapoteza mvuto. Eckhard Hess wa Chicago alitumia mtambo wa namna hii katika miaka ya 1950, akiwa na bata wa bandia aliyening'inia kwenye mkono unaozunguka, na aliona kwamba vifaranga wa bata hunasa vizuri zaidi wakiwa na umri wa saa 13 hadi 16.

Vitu vya mafunzo ni viwili: mpira wa sentimita 10 uliofunikwa kitambaa chekundu, na boksi la sentimita 10 kila upande lililofunikwa kitambaa cha buluu. Kitambaa kiwe cha rangi moja bila maua. Vyote viwili vinahitajika, na tutaeleza kwa nini tukifika kwenye kupima.

Kwa kila kifaranga andaa katoni yake ndogo ya giza, sentimita 15 kwa 15 na kimo cha 20, yenye tundu la hewa lililokingwa kwa kipande cha katoni kwa ndani ili hewa iingie na mwanga usiingie. Tafuta vipimajoto viwili, taa ya LED nyeupe ya wati 5, saa, kalamu nyeusi isiyofutika na daftari. Taa iwe ya LED makusudi. Taa inayotoa joto humvuta kifaranga upande wake, na hutajua kama amefuata mpira au amefuata joto.

Mayai, hadi siku ya 18

Chukua mayai 24 kutoka kundi lenye jogoo mmoja kwa tetea wasiozidi kumi. Kijusi cha yai lenye mbegu huanza kukua polepole joto likipita nyuzi 21 hivi, na chumba cha kawaida cha Tanga ni nyuzi 27 hadi 31 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo usikae na mayai zaidi ya siku nne au tano. Yaweke mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, ncha nyembamba ikiwa chini. Mayai yaliyokaa wiki mbili kwenye joto hili hutoa vifaranga wachache, tena hawatoki kwa wakati mmoja, na jaribio hili linategemea kujua umri kwa saa.

Mwenye mashine ya kutotolea yenye feni aiweke nyuzi 37.5, unyevu asilimia 50 hadi 55, ageuze mayai angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18. Asiye na mashine amlaze kuku mmoja mayai 12 na mwingine 12 siku ileile. Hili linafaa sana mahali ambapo umeme hukatika, na kwa kweli kuku huatamia vizuri kuliko mashine nyingi za kuungaunga. Siku ya 7 pima mayai kwa tochi gizani: lenye mishipa kama mizizi lirudishe, lililo jeupe liondoe.

Siku ya 18 jioni hamisha mayai yote kwenye sanduku la giza lenye joto la nyuzi 37 na unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Zipo sababu mbili za kutowaacha kwa kuku. Ya kwanza ni kwamba kifaranga husikia akiwa ndani ya yai, na sauti ya mama anayelia "kok, kok" huanza kuizoea kabla hajatoka. Ya pili ni mwanga. Katika siku hizo za mwisho kijusi hulala akiwa amefunika jicho la kushoto kwa mwili wake, na la kulia limeelekea ganda. Mwanga ukipenya, unaliamsha jicho moja zaidi ya jingine, na pande mbili za ubongo hukua kwa tofauti. Si ugonjwa, ndivyo ilivyo kwenye kiota. Lakini kama nusu ya mayai yako yalipata mwanga na nusu hayakupata, una makundi mawili bila kujua.

Giza

Hapa ndipo wengi wanapokosea, basi tukae hapa kidogo.

Kifaranga akishaona kitu chochote, dirisha la kujifunza, yaani ule muda mfupi ambao anaweza kunasa sura, linaanza kutumika. Mkono wako ni kitu. Kifaranga mwenzake ni kitu. Ndiyo maana vifaranga wa kununua, waliosafirishwa mia kwa mia kwenye maboksi, hawafai kwa kazi hii: wamekwisha kunasa sura za wenzao.

Ukague uanguaji kila baada ya saa tatu kwa kupapasa, si kwa kutazama. Yai zima ni laini na zito, lililotobolewa lina mkwaruzo, kifaranga aliyetoka ni wa majimaji. Usitumie tochi iliyofungwa karatasi nyekundu. Njia hiyo hutumika kwa panya kwa sababu panya haoni nyekundu, lakini kuku anaiona nyekundu vizuri mno. Andika saa ya kila aliyetoka. Akishakauka, baada ya saa sita hadi kumi, mhamishie kwenye katoni yake ukiwa bado gizani.

Joto kwenye katoni liwe nyuzi 33 hadi 35 usawa wa mgongo wa kifaranga. Taa ya chemli hapa haina nafasi, inatoa mwanga na moshi. Jiko la mkaa ni hatari zaidi, kwani hewa ya mkaa huua vifaranga kwenye chumba kilichofungwa, na huua watu pia. Tumia chupa za lita 1.5 zenye maji ya moto kiasi cha nyuzi 60, zizungushie kanga kuukuu, zipange kati ya katoni, na uzibadilishe kila baada ya saa mbili au tatu. Tanga ina faida hapa: mchana wa Januari chupa nne zinatosha safu ya katoni nane, ilhali usiku wa Julai zinahitajika mara mbili yake.

Usihangaike na chakula siku hii. Kiini cha yai kimeingia tumboni mwake na kinamtosha kwa saa 48 bila shida.

Mafunzo

Anza kifaranga akiwa na umri wa saa 18 hadi 24. Kwanza mfungulie katoni akae dakika 30 kwenye mwanga mweupe akiwa hana kitu cha kutazama ila kuta tupu. Nusu saa hii inamchangamsha. Anayetolewa gizani na kutiwa moja kwa moja kwenye duara mara nyingi hujikunyata na kufumba macho. Baada ya hapo mweke ndani ya duara, sentimita 20 kutoka kwenye kitu kinachozunguka. Mpe dakika 45, kisha dakika 15 za mapumziko kwenye katoni yake, kisha dakika 45 nyingine. Kundi la kwanza la vifaranga wanane lione mpira mwekundu tu, kundi la pili la wanane lione boksi la buluu tu. Wanaobaki wakae gizani bila mafunzo. Hao ni kipimo cha kulinganishia.

Sikiliza sauti. Mlio mkubwa, wa kukatakata na wa nafasi ni kilio cha upweke, nao ni wa kawaida kwa dakika kumi au kumi na tano za mwanzo. Akianza kufuata kitu, sauti hushuka ikawa laini na ya harakaharaka. Hapo anasogea, anakigusa kwa kifua, anatembea nacho. Kifaranga asiyepiga hatua kwa dakika 20 mguse miguu: ikiwa ya baridi, mrudishe kwenye joto saa nzima kabla ya kujaribu tena. Ndani ya duara joto lisishuke chini ya nyuzi 28. Mwenye baridi anatafuta joto tu, na mwenye joto kali anahema na kusinzia. Wote wawili hawajifunzi kitu.

Kinachotendeka ubongoni

Nuru ya mpira inaingia jichoni, inavuka upande wa pili wa ubongo, na kupitia vituo kadhaa inafika sehemu moja ya ubongo wa mbele, karibu na mstari wa kati. Gabriel Horn, Patrick Bateson na wenzao wa Cambridge waliitambua sehemu hiyo kuanzia miaka ya 1970. Leo inaitwa IMM kwa kifupi. Kifaranga aliyeharibiwa IMM pande zote mbili kabla ya mafunzo anaona vizuri, anatembea vizuri, anadonoa vizuri, lakini hanasi sura. Hilo ndilo lililothibitisha kwamba kumbukumbu hii ina mahali pake.

Ndani ya IMM seli za neva huzungumza kwa kumwaga kemikali kwenye sinapsi, yaani mwanya mdogo kati ya seli na seli. Kemikali kuu hapa ni glutamati. Upande wa kupokea una vipokezi vya aina kadhaa, na mmoja wao, unaoitwa NMDA, ndio kiini cha habari yote. Ufikirie kama mlango wenye kitasa na komeo. Glutamati inafungua kitasa. Lakini katikati ya tundu lake imekaa ioni ya magnesiamu, hiyo ndiyo komeo, na haiondoki mpaka seli yenyewe iwe imesisimka kwa umeme. Mlango unafunguka pale tu mambo mawili yanapotokea pamoja: seli ya kwanza imetuma habari, na ya pili imekwisha kuamka. Ndiyo sababu ya zile dakika 30 za mwanga mtupu na ndiyo sababu kitu kiwe kinatembea. Ubongo uliosinzia haufungui komeo.

Mlango ukifunguka, kalsiamu inaingia. Kalsiamu inakiamsha kimeng'enya kinachoitwa CaMKII, na kimeng'enya hiki kina tabia ya ajabu: kikishaamka hujibandikia chenyewe fosfati, kikaendelea kufanya kazi hata kalsiamu ikishaondoka. Kwa molekuli, huko ndiko kukumbuka kwa mara ya kwanza. Kwa vifaranga waliofunzwa, ongezeko la CaMKII yenye fosfati limepimwa katika IMM ya kushoto kama saa moja baada ya mafunzo.

Wakati huohuo ishara inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni. Protini ya Fos, ambayo ni miongoni mwa za kwanza kutengenezwa, huongezeka IMM, na kadiri kifaranga anavyokipenda zaidi kitu alichofunzwa ndivyo seli zenye Fos zinavyokuwa nyingi. Fos ni kama msimamizi wa ujenzi: yenyewe haibebi kumbukumbu, inaagiza jeni nyingine zilete vifaa. Vifaa hivyo ni protini mpya, na vifaranga waliopewa dawa za kuzuia utengenezaji wa protini hujifunza kwa muda mfupi kisha husahau. Sinapsi za kushoto hutanuka, sehemu nene ya kupokelea ujumbe ikarefuka. Na saa nane hivi baada ya mafunzo, vipokezi vya NMDA vyenyewe vimeongezeka upande wa kushoto. Upande wa kulia una kazi nyingine: kwa saa kadhaa husaidia kumbukumbu kuwekwa mahali pengine nje ya IMM, ili isiwe na makao mamoja tu.

Basi unaona kwa nini kifaranga hapimwi saa ileile. Baada ya mafunzo mrudishe gizani, kwenye joto, na umwache alale. Kundi la Cambridge lilionesha mwaka 2008 kwamba waliosumbuliwa usingizi katika saa za mwanzo baada ya mafunzo, seli zao za IMM hazikutulia katika kukitambua kile kitu, hata walipolala baadaye. Watoto wa shule wakiwa wamekusanyika wakifungua katoni kuchungulia, kumbukumbu inavurugwa katika saa zile zile inapojengwa. Funga mlango wa chumba kwa saa sita.

Kuna jambo moja zaidi, nalo kwetu ndilo zuri kuliko yote. Dirisha hili linafunguliwa na nini? Mwaka 2012 watafiti wa Japani, Shinji Yamaguchi na Koichi Homma wakiwa miongoni mwao, walionesha kuwa kifaranga anapoanza kufunzwa, homoni ya tezi ya shingo huongezeka kwa haraka ndani ya ubongo. Homoni hiyo hutoka kwenye tezi ikiwa na atomi nne za ayodini. Kimeng'enya kinachoitwa Dio2, kilichomo kwenye kuta za mishipa myembamba ya damu ya ubongo, huitoa moja, zikabaki tatu, na hiyo yenye tatu ndiyo yenye nguvu. Walipoizuia Dio2, vifaranga hawakunasa. Walipowadunga homoni yenye ayodini tatu vifaranga ambao umri wao wa kunasa ulikwisha kupita, wakanasa tena. Kwa hiyo kufungwa kwa dirisha si kuchoka kwa ubongo, ni upungufu wa ufunguo.

Mfugaji wa pwani atauliza: je, niwape vifaranga mwani, kwa kuwa una ayodini? Hapana. Kifaranga hupata ayodini yake kutoka kwenye kiini cha yai, maana yake kutoka kwenye chakula cha mama. Ayodini nyingi huidhuru tezi sawa na ayodini chache.

Kupima

Pima kesho yake, kifaranga akiwa na umri wa saa 40 hadi 48. Tengeneza njia iliyonyooka ya urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 30. Mpira uwe ncha moja, boksi la buluu ncha nyingine, vyote vikitikiswa kwa uzi kwa mwendo sawa. Chora mstari sentimita 40 kutoka kila ncha. Mweke kifaranga katikati, ubavu wake ukielekea kila kitu, kisha hesabu kwa dakika tano sekunde alizokaa kila upande. Baada ya kila vifaranga wawili badilisha vitu ncha, maana dirisha la chumba au upepo wa baharini unaweza kuwavuta upande mmoja.

Alama yake ni sekunde za kitu alichofunzwa, ugawe kwa jumla ya sekunde za vitu vyote viwili; za katikati ziache. Aliyekaa sekunde 210 kwenye mpira wake, 45 kwenye boksi na 45 katikati, ana 210 kwa 255, yaani 0.82. Asiyejua chochote atakuwa karibu na 0.5.

Sasa ile sababu ya makundi mawili. Vifaranga huvutiwa na nyekundu kuliko rangi nyingi hata bila mafunzo. Ukifunza kundi moja tu kwa mpira mwekundu, na wote wakauendea, hujathibitisha kujifunza. Kundi la buluu likiiacha nyekundu na kuiendea buluu, hapo una ushahidi. Kwa vifaranga wanane wa kundi moja, wote wanane wakichagua sahihi, uwezekano wa bahati tupu ni 1 kwa 256. Saba kwa wanane bado ni vizuri: uwezekano wa kupata saba au zaidi kwa bahati ni kama 0.035. Kwa sita au zaidi ni 0.145, na mwalimu mkweli atawaambia wanafunzi wake kuwa hiyo haitoshi. Warudie kwa mayai mapya.

Usitumie sanamu ya kuku iliyojazwa majani kama kitu kimojawapo. Mark Johnson na Horn waligundua kwamba vifaranga, hata wasio na mafunzo, huvutiwa na umbo lenye kichwa na shingo. Sanamu itashinda mpira bila haki.

Yanayoharibika

Wote wamekwenda ncha moja, waliofunzwa na wasiofunzwa: kuna joto, mwanga au sauti upande huo. Zima feni, funika dirisha, pima joto la ncha zote mbili.

Wote wamekaa katikati wakilia: wana baridi, au umechelewa. Kifaranga aliyevuka siku ya tatu huogopa kitu kipya kabla hajakisogelea, na hofu ile humzuia kujifunza. Wanaokaa gizani dirisha lao hubaki wazi kwa muda mrefu kidogo kuliko waliokwisha kuona kitu, kwa sababu kujifunza kwenyewe ndiko kunakolifunga, lakini usiutegemee muda huo.

Wanakufuata wewe: umewashika sana kwenye mwanga. Wabebe gizani, au ndani ya kikapu kilichofunikwa.

Wanadonoana miguu: umewatia alama ya wino mwekundu. Tumia nyeusi, doa moja mpaka manne kwenye mguu.

Baada ya kipimo wape maji kwanza, kisha chakula cha vifaranga, na uwaweke pamoja chini ya joto la nyuzi 33 hadi 35, ukipunguza nyuzi 3 kila wiki. Watazoeana ndani ya siku moja, ingawa kitu walichonasa huendelea kuwavuta kwa muda. Chanjo ya kideri ya matone ya jicho ifanyike baada ya kipimo, si kabla. Kila aliyewagusa anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu vifaranga wazima hubeba vijidudu vya salmonela.

Kwa mfugaji: kumpa kuku vifaranga wasio wake

Yote haya yana matumizi bandani. Ukitaka kuku alee vifaranga wa mashine, wa bata au wa kanga, unashughulika na madirisha mawili: la kifaranga na la mama. La kifaranga umelijua. Wapandikize wakiwa na umri usiozidi siku mbili, na kabla ya hapo uwaweke kwenye mwanga hafifu, wasionane sana. Waliokaa siku nne chini ya taa na wenzao hawataitika mwito wa kuku, hata kuku akiwataka.

Upande wa mama, awe ameatamia kwa siku kumi au zaidi, mpaka hatoki ukimsogelea. Wapenyeze usiku, wote kwa mara moja, mkono ukipita chini ya bawa, na utoe mayai kwa mkono huohuo. Alfajiri uwepo. Akidonoa kichwa cha mmoja mara mbili, waondoe wote, hatazoea. Akiwa ameshaona wa kwake kwa siku tatu na wote ni weupe, usimwongezee mweusi, maana ameshajua rangi yao. Akikubali, mfungie nao chini ya tenga kwa siku mbili au tatu wasikie sauti yake kabla hajatoka nao.

Ukilaza mayai mchanganyiko, hesabu siku kurudi nyuma ili waangue pamoja. Kuku ni siku 21, kanga 26 hadi 28, bata maji 28, na yule bata mwenye uso mwekundu wa vinundu ni 35. Mayai ya kanga basi yatangulie kwa karibu wiki moja. Kanga ni watoro kwa asili, kwa hiyo tangu siku ya kwanza gonga kibati kilekile kila unapowapa chakula, wakiwa bado chini ya tenga na mama yao wa kuku. Ukibadilisha kibati wiki ya tatu, usishangae wakibaki kwenye mikorosho ya jirani jua likizama.